Kidole cha Somoe Nandonde

Mbangua korosho hana kidole.

Mmemsikia mama yule akimjibu hivyo karani pale ofisi ya kijiji, nanyi mkacheka, kwa sababu mmemwona ana vidole vyake vyote kumi. Sasa mnaniuliza maana yake. Nitawaambia, ila anayetafuta kicheko akitafute kwingine, huku hakipo. Maneno haya hatukuachiwa na mababu. Yana miaka michache tu, na waliokuwapo yalipozaliwa wengi bado wako hai. Yalitokea hivi.

Kijijini Namitunda, huku kwetu kusini kwenye mikorosho, aliishi mtu aitwaye Mchopa Nandonde, mjumbe wa serikali ya kijiji. Mchopa alikuwa na maoni juu ya kila kitu. Asubuhi utamkuta kwa muuza chai akieleza barabara ilipaswa kupita wapi, kwa nini simu za siku hizi hazikai na chaji, na waziri gani angefaa kufukuzwa. Watu walimsikiliza, maana alijua kuyapanga maneno. Jembe hakulipenda, na mikono yake ilikuwa laini kama ya mtu aliyeajiriwa.

Dada yake, Somoe, hakuwa na nafasi ya maoni. Mumewe alivuka Ruvuma kwenda Msumbiji kutafuta maisha, na maisha yakamweka hukohuko. Alimwachia binti mmoja, Mwanaidi, na Somoe akamlea kwa kubangua korosho. Kazi hiyo wengine mnaiona kwa mbali tu. Korosho huchomwa kwenye karai mpaka ganda litoe mafuta, kisha hugongwa mojamoja kwa gongo dogo, na kiini hutolewa kwa ncha za vidole. Mafuta yale ya ganda ni moto usioonekana. Wanawake hupaka majivu mikononi ili kujikinga, lakini majivu hupunguza tu. Kufikia katikati ya msimu vidole vimekuwa vyeusi, ngozi inabambuka, na ncha zake zinang'aa kama kokoto ya mtoni. Msimu ukiisha, mvua zikinyesha, ngozi huota tena polepole. Mwaka unaofuata hubambuka upya.

Kwetu mtoto ni wa upande wa mama, na mwenye sauti juu yake ni mjomba. Kwa hiyo Mwanaidi alikuwa wa Mchopa kama alivyokuwa wa Somoe. Mchopa hakujaliwa kupata mtoto wake mwenyewe. Ndiye aliyemfundisha binti huyo kusoma kwa vipande vya magazeti yaliyofungiwa maandazi, na alipofika miaka kumi na sita, binti alimbishia mjomba wake kwa muuza chai mbele za watu, naye Mchopa alishindwa huku akitabasamu. Alikuwa akisema nyumba ya Nandonde imepata mwanasheria.

Mwezi wa nne mwaka huo walikuja maofisa wawili vijana na kimashine chenye taa ya kijani. Walileta mpango wa matibabu. Kila nyumba itaandikishwa, na wote waliomo watatibiwa hospitali ya mjini bila kutoa kitu. Kadi hakuna, karatasi hakuna, maana karatasi hughushiwa. Mtu mmoja wa kila nyumba ataweka kidole chake kwenye mashine, na siku ya ugonjwa kidole hicho ndicho kitakachofungua mlango. Mmoja tu, walisema, ndivyo ulivyopangwa.

Mkutano ukawaka. Wanaume walitaka kidole kiwe cha baba. Ndipo Mchopa aliposimama, akakunja mikono ya shati, akawapiga maneno. Aliwauliza ni mwanamume gani pale aliyejenga kwake. Aliwakumbusha kwamba mwanamume kwetu ni mgeni aliyekawia, leo yupo, kesho amebeba kirago amekwenda kwa mwingine, na akienda na kidole chake watoto watatibiwa na nini? Nyumba ni ya mama, akasema, na kidole kiwe cha mama. Wanawake walipiga vigelegele. Hata wanaume walicheka, kwa kuwa kila mmoja alimjua jirani aliyeondoka na kirago. Maofisa walifurahi, wakasema huko makao makuu wangependa kusikia jambo kama hilo.

Somoe alinyoosha mkono. Alisema, "Lakini kaka, wakati wa kubangua..."

"Dada, subiri kidogo, hatujamaliza," Mchopa akamkatiza, akaendelea.

Hawakumaliza mpaka watu walipotawanyika. Somoe hakurudia. Kesho yake alipanga foleni pamoja na wenzake. Mvua ilikuwa imenyesha miezi mitatu, vidole vyake vimepona, na kidole cha shahada alipokiweka, taa ikawaka kijani mara moja.

Mwezi wa kumi na moja, msimu ukiwa umekolea, Mwanaidi alitoka asubuhi kuokota korosho chini ya mikorosho ya mama yake. Mabibo yalikuwa yameanguka mengi na majani yamerundikana. Aliingiza mkono kwenye majani, na swila aliyekuwa amelala pale akamgonga kwenye kiwiko. Ilikuwa yapata saa nne. Mchopa aliitwa kutoka kwa muuza chai akaja mbio. Walimfunga binti mkono kwa khanga, wakampakia kwenye pikipiki katikati ya dereva na mjomba wake, na pikipiki ya pili ikambeba Somoe jinsi alivyokuwa, na majivu mikononi. Njiani Mwanaidi alikuwa bado anasema. Alimwambia mjomba wake asimbane hivyo, mbavu zinamuuma.

Saa sita kasoro walikuwa hospitalini. Watu wa hospitali hawakuwa wabaya, nalisema hilo mapema ili msije mkatafuta mtu wa kumchukia. Walimlaza haraka. Daktari alimtazama, akaona kope zimeanza kulegea, akaandika dawa ya sumu ya nyoka. Dawa ilikuwapo, chupa zake ziko kwenye friji ya stoo, ng'ambo ya ukuta. Kisha daktari akaitwa chumba cha upasuaji, na mlango ukafungwa nyuma yake. Dawa ile ni ya thamani sana, na haikutoka stoo mpaka mashine iseme mgonjwa ni wa mpango, au ndugu walipe kiasi ambacho mikorosho ya Somoe isingekizaa kwa misimu mitatu.

Aliyekaa kwenye mashine alikuwa msichana mmoja mpole aitwaye Beata. Alimwambia Somoe aweke kidole. Somoe akaweka. Taa ikawa nyekundu.

Beata alimwomba afute majivu. Somoe akanawa kwa sabuni, akaweka. Nyekundu. Walijaribu kwa spiriti, wakajaribu kwa mafuta ya nazi aliyotoa mgonjwa mwingine kwenye mkoba wake, wakajaribu kukandamiza kwa nguvu na kugusa kwa wepesi. Nyekundu. Kile kidole hakikuwa na mstari hata mmoja. Kilikuwa cheusi na laini, na ubavuni kimepasuka.

"Mama, inasema hakuna mtu," Beata alisema taratibu.

"Hakuna mtu wapi?"

"Hapa. Inasema hakuna mtu aliyeweka kidole."

Somoe aliutazama mkono wake juu ya kioo. "Na huu wa nani?"

"Mimi nauona, mama. Yenyewe ndiyo haiuoni."

Mchopa alisogea mbele. Alisema yeye ni mjomba wa mgonjwa, mjumbe wa kijiji, anafahamika, amewahi hata kupiga picha na maofisa wa mpango huo. Akaweka kidole chake kwenye kioo bila kuombwa. Mashine ikalia kidogo, na kwenye kompyuta ya Beata ikatokea alama ya kidole cha Mchopa, kubwa, na mistari yake yote imezunguka safi kama pete za gogo lililokatwa.

"Cha kwako kinasomeka vizuri sana, baba," alisema Beata. "Kizuri kuliko vyote leo. Lakini hakimo kwenye orodha."

Mchopa alikiondoa kidole chake. Wanasema aliuficha mkono ule mfukoni kama mtu aliyeshikwa nao.

Beata alipiga simu makao makuu. Iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena, akapokewa, akaambiwa aandike barua pepe aambatanishe na picha ya kidole. Akapiga picha kidole cha Somoe kwa simu yake mwenyewe, akaituma. Alikwenda kugonga chumba cha upasuaji, akaambiwa daktari amefungua tumbo la mtu. Alimfuata mtunza stoo, naye akamwonyesha tangazo ukutani, na chini yake jina la mwenzake aliyefukuzwa kwa kutoa dawa bila mashine. Mtunza stoo alikuwa na watoto wanne. Niambieni ninyi mngefanyaje. Msijibu haraka.

Mwanaidi alikuwa kitandani, anasikia yote. Ulimi ulikuwa umekuwa mzito. Mchopa aliporudi kando yake, binti alimwuliza kitu, na mjomba akainama mara mbili ndipo akaelewa.

"Mjomba, si ulisema kidole kiwe cha mama?"

"Nilisema."

"Mama alitaka kusema neno siku ile."

"Najua."

"Ungemwacha."

Hakulisema kwa kulaumu. Alikuwa anabisha kama alivyozoea, na safari hii mjomba wake hakutabasamu. Alimshika mkono ule mzima akaushikilia.

Daktari alitoka saa nane na robo. Alielezwa yaliyotokea. Alikwenda mwenyewe stoo, akachukua chupa, akaweka sahihi yake kwamba kama ni kufukuzwa afukuzwe. Dawa iliingia mshipani. Lakini sumu ya swila hukaba pumzi, na pumzi ya Mwanaidi ilikuwa imeshafupika tangu saa saba. Mashine ya kusaidia kupumua iliyokuwapo ilikuwa moja, na ilikuwa kwa yule wa upasuaji. Walimsukumia hewa kwa mfuko wa kubinya kwa mkono, kwa kupokezana, Beata naye alishika zamu. Saa tisa na nusu walimfunika.

Somoe hakulia pale. Aliomba ampeleke mwanawe nyumbani kabla jua halijazama. Wakamwambia anaweza, ila kuna fomu ya kupokea mwili. Beata ndiye aliyeileta, macho yamemvimba, pamoja na kikopo cha wino. Somoe hakujua kuandika. Beata alimwonyesha kisanduku mwishoni mwa karatasi, akamwambia aweke dole gumba.

Somoe alichovya, akabandika. Alipoondoa mkono, kisandukuni palikuwa na doa jeusi tupu. Halikuwa na mstari. Lingeweza kuwa la mtu yeyote, au la tone lililodondoka. Beata alilitazama, akalipuliza likauke, akaifunga faili.

"Inatosha?" Somoe aliuliza.

"Inatosha, mama."

"Hii mmeipokea."

Beata akafunika kikopo cha wino.

"Mbangua korosho hana kidole, mwanangu," alisema Somoe. "Cha kumtibu mtoto, hana. Cha kumchukua akiwa maiti, anacho."

Akajifunga khanga vizuri, akamfuata mwanawe.

Mwanaidi alizikwa Namitunda upande wa mama yake. Jibu la makao makuu lilifika kwa Beata siku ya tatu, likimtaka apige picha nyingine yenye mwanga zaidi.

Mwaka uliofuata maofisa walirudi, safari hii na mashine mpya yenye taa ya buluu. Mkutano ukaitishwa, na watu wakamgeukia Mchopa kwa mazoea, wakingoja ayapange maneno. Tangu mazishi alikuwa hakanyagi kwa muuza chai. Alikuwa akishinda uani kwa dada yake, wanabangua bila kuzungumza, na mwanzoni wapita njia walimcheka kwa kufanya kazi ya kike, kisha wakaacha. Siku hiyo alisimama. Ofisa alimtambua, akamwomba aje mbele awe wa kwanza kuandikishwa, awe mfano. Mchopa alikwenda, akaweka kidole. Taa ya buluu haikuwaka. Ofisa akamwambia ajaribu tena, akajaribu, haikuwaka.

Aliugeuza mkono wake mweusi watu wote wauone, akasema, "Mbangua korosho hana kidole," akampisha dada yake aseme. Na siku hiyo Somoe alisema mpaka akamaliza, na hakuna aliyemkatiza.

Siwezi kuwaambia kwamba mambo yalitengenea. Namitunda sasa huandikisha watu wawili kila nyumba, mmoja wao asiyebangua, baada ya kupigania hilo mwaka mzima. Vijiji vya jirani bado ni kidole kimoja. Mimi sina ugomvi na mashine, inaona kile ilichoambiwa ione. Nagombana na sisi tulioipangia bila kumwuliza mwenye mkono, na hata aliponyoosha mkono wenyewe tukamwambia asubiri.

Kwa hiyo mkimsikia mtu ametumika mpaka kazi imemla, halafu siku ya haki yake anaambiwa hana alama, hajulikani, hayumo, msicheke tena. Semeni walivyosema Namitunda, mkiwa mmejua ni nani aliyelipia maneno hayo: mbangua korosho hana kidole.