Msumari Mtupu wa Baraza la Macho

Hapo zamani, kabla watu hawajaanza kuvaa miwani kwa ajili ya kupigia picha, palikuwa na mji ukiitwa Kivulini, na katika mji huo palikuwa na Baraza la Macho. Mnacheka? Lilikuwepo! Kazi yake ilikuwa moja tu: kuhakikisha hakuna mtu anayetia kidole katika jicho la mwenzake bila kujua anachofanya. Kila mwaka, kila tabibu wa macho alisimama mbele ya Baraza akasoma ubao wa picha. Akiusoma sawasawa, alifungiwa kitambaa cha kijani mlangoni. Asiye na kitambaa, hata awe na dawa ya kumfanya popo asome gazeti, haruhusiwi kumgusa mtu kope. Na mwananchi mwenye malalamiko alipiga upatu uliotundikwa nje ya ofisi. Upatu ukilia, Baraza linakaa, hata kama wali umeshapakuliwa.

Mjini humo aliishi Mwanapili, mshona kofia. Bwana harusi wa Kivulini aliyeoa bila kofia ya Mwanapili alihesabiwa kuwa ameoa nusu. Basi siku moja jicho lake la kulia likaanza kuingia ukungu. Akalipangusa kwa kanga, ukungu. Akaliosha kwa maji ya waridi, ukungu. Akaogopa, maana kwake kushona ndiko kula, na kushona ndiko kuishi. Akashika njia kwenda kwa Tabibu Faraji, ambaye kitambaa chake cha kijani kilionekana toka sokoni.

Tabibu Faraji alipendwa na mji mzima. Ndiye aliyemtibu mama yake Mwanapili zamani, na malipo akasema aletewe kikapu cha mabungo basi. Mkewe, Bi Nargisi, alisimama nyuma yake siku zote, taa mkononi.

"Shikamoo, tabibu."

"Marahaba, mwanangu, karibu ukae," tabibu akauambia mtungi wa maji.

Bi Nargisi akakohoa. Tabibu akageuka upande wa Mwanapili. "Na wewe pia karibu."

Mwanapili akacheka mpaka akashika mbavu. Mzee huyu na mizaha yake! Tabibu akamshika uso, akainama, Bi Nargisi akakohoa tena, tabibu akahama kutoka sikioni kuja jichoni. Akatazama. Akatazama sana.

"Jicho zima kabisa, mwanangu. Umechoka tu. Vaa miwani hii."

Mwanapili akaivaa akaenda zake, na hapo ndipo Kivulini ilipopata sherehe isiyo na harusi. Alimwamkia mbuzi wa jirani, akasubiri marahaba. Alimimina chai pembeni ya kikombe, akaikoroga meza. Alishona kofia yenye nyota zilizoota miguu, na bwana harusi mmoja akaivaa hivyo hivyo, akasema ndiyo mitindo. Watu walicheka, na Mwanapili akacheka nao. Lakini kila jioni alipofumba jicho la kushoto, ukungu wa kulia ulikuwa umezidi kuwa mweusi. Siku alipofumba la kushoto asione hata mkono wake, hakucheka. Alikwenda akaupiga upatu kwa nguvu zote mpaka kunguru wa mji mzima wakaruka.

Baraza likakaa. Mwenyekiti, Bi Shekha, aliingia bado anatafuna. Wajumbe wakakaa kwenye benchi lao, migongo kwenye ukuta wa ubao, nyuso kwa watu. Mji wote ukajaa mlangoni na madirishani.

"Tabibu Faraji," Bi Shekha akasema, "huyu binti anadai humwoni mgonjwa unayemtibu."

"Mimi? Ubao wenu si nausoma kila mwaka?"

"Basi usome tena, tumalize, wali unapoa."

Tabibu akasimama kwenye mstari, akanyosha kidevu. "Juu kabisa, kuku."

"Sahihi!" wakasema wajumbe.

"Jembe. Mkasi. Kikombe."

"Sahihi!"

"Ufunguo. Kiatu. Kuku mwingine, huyu mdogo."

Watu, macho yote kwa tabibu, wakaanza kuitikia pamoja naye, maana ubao ule haukuwahi kubadilishwa tangu Baraza lianze, na hata watoto waliuimba wakirukia kamba. Wanawake wakapiga vigelegele. Tabibu akashuka mistari kama mtu anayeshuka ngazi ya nyumbani kwake, mpaka chini kabisa: "Na sisimizi!"

"Sahihiii!"

Mwanapili peke yake hakuitikia. Alikuwa akijipima. Alilikazia ukutani jicho la kulia amtafute kuku: hakumwona. Akalikazia la kushoto: hakumwona vilevile. Yarabi, yote mawili yamekufa! Akasogea. Akasogea tena. Akaona msumari. Msumari mtupu.

"Jamani," akasema, "ubao uko wapi?"

Wajumbe wakageuka. Ukuta mweupe! Mfagizi akainua mkono kwa aibu: ubao ulikuwa umechafuliwa na nzi, ameuosha asubuhi, uko uani kwenye kamba, baina ya shuka mbili, unakauka.

Kivulini ikapasuka kwa kicheko. Mtu alianguka kutoka dirishani. Mjumbe mmoja alicheka mpaka akalia, kisha akakumbuka kuwa na yeye amesema sahihi, akanyamaza. Tabibu Faraji akabaki kwenye mstari, kidevu bado juu, akiuliza, "Wanacheka nini, Nargisi? Nargisi, nimekosea wapi?"

Bi Nargisi hakukohoa.

Akaitwa Tabibu Saumu, binti mwenye kitambaa kipya, amtazame Mwanapili. Akamtazama kwa utulivu, na kicheko kikaisha chenyewe. "La kushoto tumeliwahi, nitalitia dawa," akasema. "La kulia limekwenda, dada yangu. Angelitazama mtu anayeona, siku ile ya kwanza, lingepona."

Mwanapili akalia, na hakuna aliyemwambia anyamaze.

Sasa, sheria ya Baraza ilisema hivi: aliyempotezea mtu jicho, atakuwa jicho lake. Na mshona kofia mwenye jicho moja sindano anaiona, uzi anauona, ila kuvikutanisha ndiko kunakomshinda. Kwa hiyo mkosaji angekwenda kwake kila asubuhi akamtungie uzi, mpaka kifo kiwatenganishe kama mke na mume. Mtu mmoja tu, maana watunga sheria walijua kuwa kazi ikipewa watatu, kila mmoja atadhani mwenzake ameshakwenda.

Tabibu Faraji akasema, "Ni mimi niliyeficha giza langu. Niliogopa kwamba bila macho mimi si kitu. Lakini kitambaa sikujifungia mwenyewe, na uzi huo nitautungaje, mimi nisiyeiona hata sindano?"

Bi Nargisi akasema, "Ni mimi niliyekohoa. Macho yangu mazima, uzi nitautunga. Lakini nilimstiri mume wangu, na mbele ya Baraza sikuapa chochote."

Bi Shekha akasema, "Ni mimi niliyekaa nikaupa ubao mgongo. Watu waliamini kitambaa, na kitambaa kilitoka mkononi mwangu. Lakini mji mzima ulimwona akiongea na mtungi, na upatu haukulia hata siku moja!"

Watu wakatazama chini. Hapo Mwanapili akapangusa machozi.

"Tabibu aliwahi kuishika kofia yangu ndani nje," akasema, "akaisifu tarizi isiyokuwepo. Nilijua. Nikajifanya ni mizaha, nikanyamaza, kwa sababu ya mama yangu, na kwa sababu nampenda. Nikampelekea jicho langu nikijua."

Akatoa sindano kwenye upindo wa kanga, akaiinua juu, na uzi mkono wa pili. Tabibu akanyosha mkono upande ambako sindano haipo. Bi Nargisi akanyosha. Bi Shekha akanyosha. Na vidole vya Mwanapili mwenyewe vikawa vinajaribu, vinakosa, vinajaribu.

Haya, nyinyi mnaonitazama kwa macho mawili mawili, semeni upesi, maana harusi ni Ijumaa na kofia ina nusu nyota. Je, nani alistahili kuutunga uzi wa Mwanapili?