Seva Iliyoshiba

Paukwa!
— Pakawa!
Pakawa nini, jamani?
— Pakawa seva, imeshiba mpaka inacheua!

Hapo zamani za kale, wanyama walikuwa na seva moja pangoni, mashine ya kujengea programu. Mlinzi wake alikuwa Bi Nguchiro. Shimo lake liko kando ya mto, wanawe watatu wamo humo, na masika yanabisha hodi. Bi Nguchiro alitaka programu ya kengele ya mafuriko, tena aliitaka leo hii!

Mafundi walikuwa Mchwa, Mbayuwayu na Fisi. Desturi yao, fundi akianza kazi mpya, kwanza ananakili ghala zima la programu, kila mstari na kila badiliko tangu enzi za babu. Kazi kumi, maghala kumi!

Mchwa akajaribu kujenga kengele. Seva ikalia, "Nimeshiba!"

Mbayuwayu akajaribu. "Nimeshiba!"

Fisi akajaribu. "Nimeshiba, mtanipasua!"

Wingu likatanda. Bi Nguchiro akashika kichwa. "Wanangu mie! Hivi kwenu kila mtu anachimba kisima chumbani kwake? Si mnachota kimoja? Basi ghala liwe moja. Kila fundi abaki na alichoongeza yeye tu, mengine asome ghalani."

Wakaacha ghala la asili, wakafuta nakala ya kwanza, ya pili, mpaka ya kumi. Lo! Seva ikapumua! Mchwa akajenga kengele ya Bi Nguchiro, Mbayuwayu akajenga yake. Bi Nguchiro akajifunga kibwebwe, akacheza.

Fisi akanung'unika, "Picha zangu za mifupa nitaweka wapi?"

Bi Nguchiro akamwonya, "Usiguse ghala, shemeji! Kazi yako nayo imeegemea humo."

"Aa, mambo ya kale haya, nani anayataka?" Akalifuta ghala lote.

Kisha akataka kujenga kengele yake. Seva ikamwuliza, "Paa naliona, bwana. Kuta ziko wapi?" Fisi akasusa, akaenda kulala.

Adhuhuri mto ukafura. Kengele zikalia, ngo! Ngo! Ngo! Watoto wa Bi Nguchiro hao, mbio mlimani, wote watatu wazima! Fisi aliamka maji yako masikioni, akafika juu chapachapa, meno yanagongana.

Bi Nguchiro akamwambia, "Keti. Ulichofuta utakiandika upya." Mpaka leo hajamaliza. Mkimsikia mnadhani anacheka, kumbe anasoma mistari kwa sauti, anatafuta iliyopotea.

Basi wenzangu, cha wote kinatosha wote, ila asiyekitunza hujinyima mwenyewe.

Hadithi yangu imefika ukingoni. Ikiwa tamu, gawaneni hiyo hiyo moja. Ikiwa chungu, nirudishieni mwenyewe.