Sala ya Kufunga Mkutano

Ketini, wapendwa. Wenye watoto wanaolia msitoke nao nje, waacheni walie, maana habari ya leo ina mtoto ndani yake. Nina mfano mmoja, na nawaambia mapema kwamba si wa kuchekesha. Nimeutunga wiki hii nikisikiliza magari ya vipaza sauti yanayopita hapa mbele ya kanisa na nyimbo za wagombea. Kadiri nilivyoutunga ndivyo nilivyozidi kuogopa.

Palikuwa na kijiji kimoja chenye ghala la mahindi. Ghala la wote. Kila kaya iliweka humo magunia yake, na mwaka ukiwa mbaya watu walikula kutoka humo. Basi siku moja ya gulio, mchana kweupe, watu wote wakiwa sokoni, ghala likashika moto. Walipofika na ndoo zao, mahindi yalikuwa yameshakuwa bisi na majivu. Hakuna aliyejua moto umetoka wapi. Huenda ni cheche za mtu aliyekuwa akichoma majani shambani. Lakini mtu mwenye njaa anataka jina, na cheche haina jina.

Mwenyekiti wa kijiji akaitisha mkutano mkuu. Akasema, "Hatutaki fujo hapa. Sisi ni watu wa demokrasia. Tutapiga kura ya siri. Kila mtu mzima atapewa karatasi, ataandika jina la anayemshuku. Atakayeongoza, ndiye."

Mnatazamana. Hamjawahi kusikia kura za namna hiyo? Zipo, mnazijua. Hapa mgombea hajitokezi. Unagombea ukiwa umelala nyumbani kwako, na siku ya matokeo unashinda.

Sasa niambieni, kijiji hicho kililala vipi usiku wa kuamkia mkutano? Kila mtu ana jirani aliyegombania naye mpaka wa shamba. Kila mtu ana shemeji asiyemsalimia. Na kila mtu anajua kwamba kesho yule jirani na yule shemeji watakuwa wameshika kalamu. Hofu ilikuwa ya kila nyumba. Ndipo watu wakaanza kutembeleana na kunong'onezana, na kabla hakujakucha walikuwa wamepata dawa ya hofu yao. Kule bondeni alikuwa anakaa kijana mmoja na mkewe, watu wa kuja, hawajamaliza hata misimu miwili. Hana ndugu pale. Hana ukoo wa kumlilia. "Tumwandike yule," wakasema. Walioulizwa sababu wakajibu, "Lisemwalo lipo, kama halipo laja." Watu wakalala sasa, tena wakakoroma.

Lakini palikuwa na mzee wa kanisa katika kijiji kile. Mtu safi, anayejua tenzi zote bila kitabu. Siku ile ya moto yeye hakwenda gulioni. Mke wa yule kijana alishikwa na uchungu kabla ya siku zake, na mke wa mzee alikuwa mkunga wa kuaminika, basi wote wawili wakashuka bondeni. Mama akazalisha ndani. Mzee akakaa nje na yule kijana tangu asubuhi mpaka jua linaelekea kushuka, wakiomba, na kijana akitetemeka kama mgonjwa wa homa. Mtoto akazaliwa hai. Wanatoka pale ndipo wanaona moshi wa ghala kwa mbali.

Kwa hiyo mzee alijua. Mnaelewa? Katika kijiji kizima alikuwepo mwanamume mmoja tu aliyejua kwa macho yake kwamba kijana yule hakuchoma kitu.

Asubuhi ya mkutano mkewe alimwambia, "Baba, tangulia wewe. Nampitia mzazi nimkande na maji ya moto, bado hana nguvu hata ya kusimama. Kwenye mkutano useme, watu waelewe. Sisi ndio mashahidi."

Mzee akasema, "Nitaona."

Nitaona! Ogopeni neno hilo likitoka kwa mtu wa dini.

Akafika uwanjani. Mwenyekiti akasoma ajenda. Ajenda ya kwanza, kufungua mkutano kwa sala. Ajenda ya mwisho, kufunga mkutano kwa sala. Mzee akasimama akafungua, akaomba hekima na amani, watu wote wakaitikia Amina kwa nguvu. Karatasi zikagawiwa. Mzee alipopata yake hakuandika jina la kijana. Hapana, dhamiri yake haikumruhusu. Hakuandika kitu chochote. Akaikunja vizuri ikiwa nyeupe vile vile, akaitumbukiza, akarudi kukaa akijiona hana doa.

Zikahesabiwa mbele ya watu wote. Jina la kijana. Jina la kijana. Jina la kijana tena. Walipofika kwenye ile nyeupe, mwenyekiti akaigeuza huku na huku, akasema, "Hii imeharibika," akaitupa chini. Dhamiri yote ya mzee wetu ikakanyagwa pale na kuku.

Kijana akasukumwa katikati ya uwanja, mikono imefungwa kwa kamba ya mbuzi. Akapiga kelele, "Ndugu zangu, siku ile mke wangu alikuwa anajifungua! Mzee huyu alikuwa kwangu toka asubuhi! Muulizeni, si huyo hapo?"

Mwenyekiti akageuka. "Mzee wetu, una neno?"

Wapendwa, niwaeleze alichokiona mzee pale. Aliona nyuso za watu anaowaongoza kila Jumapili, na nyuso zile hazikumtaka aseme. Nyuma walisimama vijana wenye marungu. Mmoja wao akasema, si kwa sauti kubwa, "Anayemtetea mchomaji ni mchomaji mwenzake." Mzee akawaza kwamba akisema, jina lake litaingia kwenye kura ijayo. Na hapo, kwa hofu ile, akakumbuka kwamba yeye ni mtu wa dini, na dini haichanganywi na mambo ya mikutano. Ajabu, sivyo? Tunakumbuka kwamba dini haichanganywi na siasa pale pale ukweli unapotaka kutugharimu. Mgombea akituletea mabati ya kanisa tunasahau.

Mzee akasema, "Ndugu mwenyekiti, mimi hapa nimeitwa kwa sala tu. Mkutano uendelee."

Mwenyekiti akafurahi. "Mmesikia. Sauti ya wengi ni sauti ya Mungu. Wengi wape. Huyu ahame kijiji hiki leo kabla jua halijazama. Mzee, tufungie kwa sala."

Watu wakasimama, wakavua kofia, wakafumba macho. Na mzee alipofumba macho, kijana yule akawa bado yuko mbele yake, anatetemeka vile vile kama siku ya uchungu. Akashindwa kuvumilia. Akaamua kwamba atasema. Lakini kuwaambia watu aliogopa, basi akaona afadhali amwambie Mungu, kwa sauti, nao watasikia.

Mnajua sala zetu zilivyo. Haziendi moja kwa moja. Mzee akaanza kwa kumshukuru Mungu kwa uhai. Akashukuru kwa mvua. Akawaombea viongozi wa kijiji, wa kata, wa wilaya, akapanda nao mpaka juu kabisa. Akawakumbuka wagonjwa, akawakumbuka waliosafiri. Kila alipokaribia lile neno, aliongeza watu wengine wa kuombewa. Akawaombea wajane. Akawaombea hata wanafunzi wanaojiandaa na mitihani. Watu walikuwa wameanza kuchoka miguu, ndipo akalifikia. "Na wewe, Bwana, unajua... unajua kwamba siku ya moto kijana huyu hakutoka nyumbani kwake. Nilikuwa naye. Mke wangu alimzalisha mkewe. Hakuchoma ghala. Bwana, utusamehe. Amina."

Hakuna aliyeitikia.

Mzee akafumbua macho. Kitu cha kwanza alichokiona ni kwamba kule nyuma, walikokuwa vijana wenye marungu, palikuwa patupu. Wao hawakungoja kufungwa kwa mkutano. Watu walipofumba macho, wao waliondoka. Cha pili alichokiona ni moshi, unapanda kutoka bondeni.

Watu wengine hawakushtuka sana. Walisema ni nyumba tu, watu wazima wote si tuko hapa mkutanoni? Hata waliochoma walidhani hivyo hivyo, maana mlango walikuta umefungwa na hakuna aliyeitikia hodi yao. Wapendwa, ninyi mnajua desturi zetu. Mzazi hatoki nje. Anafungiwa ndani, anakandwa, anapewa uji, mlango unarudishwa upepo usimpate. Na anayemkanda akisikia vishindo vya wanaume wenye marungu, ataitikia hodi?

Nani katika uwanja ule alijua kwamba kule bondeni kuna mzazi? Kijana alisema, lakini alihesabiwa mwongo. Aliyejua na angeaminiwa ni mmoja tu. Mzee akageuka upande wa akina mama, akaitafuta kanga ya mkewe. Akaitafuta tena. Hakuiona.

Wakakimbia. Wote walikimbia, hata mwenyekiti, na kijana akakimbia na mikono yake imefungwa. Kabla hawajafika bondeni walikutana na mama yule mkunga anapanda kilima. Nywele zimeungua upande mmoja. Kifuani amemfunga mtoto kwa kanga, na mtoto analia. Nyuma yake hapakuwa na mtu. Mzazi hakuwa na nguvu ya kusimama, na mama yule mikono yake ilikuwa miwili tu.

Hakumtazama mwenyekiti. Hakuwatukana vijana. Alikwenda moja kwa moja mpaka mbele ya mume wake, akasimama, akamwuliza kwa sauti ya chini,

"Baba, hukuwaambia?"

Basi. Mfano umeishia hapo.

Nawaona mnamlaani mwenyekiti. Mnawalaani vijana. Mlaanini yeyote mnayemtaka, lakini mimi nimesimama hapa kwa ajili ya yule mzee, kwa sababu yule mzee ni sisi. Mwenyekiti alitegemea kitu kimoja, kwamba watu wa Mungu watakuja kufungua na watakuja kufunga, na katikati watanyamaza. Na sisi tumekubali. Tumempangia Mungu nafasi mbili kwenye ratiba, mwanzo na mwisho, na kule katikati kwenye kalamu na karatasi tumesema tutaweza wenyewe.

Wengi wape, wahenga walisema, nami nakubali. Wapeni wengi uongozi, wapeni wamchague diwani, waamue barabara ipite wapi. Sisemi kanisa litawale kijiji. Mungu atuepushe, nawajua wazee wa kanisa hili. Lakini je, wengi wakiomba damu ya mtu mmoja, wapewe? Wakitaka uongo uwe kweli kwa sababu umepata kura nyingi, wapewe? Nani atawaambia hapana, kama si mtu anayemwogopa Mungu kuliko anavyowaogopa majirani zake? Kura haina dhamiri, jamani. Karatasi inapokea lolote unaloliandika. Dhamiri inaletwa na mwenye kalamu, na asipokuja nayo, haimo kwenye chumba cha kupigia kura.

Wiki ijayo tunapiga kura. Wamekuja kuniomba nifungue mkutano wao wa kampeni kwa sala, na wengine wameomba nifunge wa kwao. Nimewauliza wote swali moja: katikati nitaruhusiwa kusema? Mpaka leo hawajanijibu. Na sitawaambia ninyi mmchague nani, msiningoje mlangoni kuniuliza. Ila nawajua. Najua humu ndani wapo wanaojua jambo la kweli juu ya mtu fulani anayesingiziwa mtaani sasa hivi, kwa kabila lake, au kwa chama chake, au kwa kuwa ni wa kuja. Mnajua, na mnasema, nitaona. Mnaogopa. Hata mimi naogopa, magoti yangu si ya chuma.

Lakini kuna hofu nyingine, nayo ndiyo iliyoninyima usingizi wiki hii. Ipo siku tutakutana njiani na mtu anayetoka kwenye moshi, mtoto kifuani. Hatatuuliza tulisali mara ngapi. Hatatuuliza tulimpigia nani.

Atauliza tu, hukuwaambia?