Nyati Aliyekula Msamaha

Paukwa.
Pakawa.
Pakawa baridi.
Ya nani?
Ya asiye na matandiko.
Basi sogea huku, utambe.

Kuna kitendawili ambacho mtambaji wa ngano hii amekitega miaka mingi, na hakupata wa kukitegua, wala mwenyewe hakukitegua. Wanyama arobaini hukusanya nyasi siku tatu. Mmoja huja akazilalia. Na wale arobaini humpa shikamoo. Kwa nini?

Theluji ya mlimani hukaa kileleni. Haishuki. Lakini mwaka huo kipupwe kilikuwa kimekwisha kuaga, maua yametoka, nyuki wametoka, ndipo Mbega akateremka kutoka msitu wa juu, mkia wake mweupe umekakamaa kwa barafu.

"Inashuka," alisema. "Siku tatu, itakuwa hapa."

"Wakati huu?" Mama Pimbi aliuliza.

"Shemeji, haikuniuliza wakati."

Mama Pimbi alikuwa amejifungua juzi. Watoto watatu, kila mmoja mdogo kama kokwa la parachichi. Baridi ya usiku mmoja ingewamaliza.

Wakaitana msaragambo, ile kazi ya wote. Paa akakata nyasi kavu, Mbega akabeba, Mzee Nungunungu akafagia pango, Mama Pimbi akatandika. Parakacha, parakacha, siku ya kwanza. Parakacha, parakacha, siku ya pili. Parakacha, parakacha, siku ya tatu, pango likajaa matandiko.

Ti. Ti. Ti.

Nyati dume akajipenyeza mlangoni, ubavu huu ukikwaruza jiwe na ubavu ule ukikwaruza jiwe. Akalala katikati. Akaanza kutafuna kitanda.

"Mzee, hizo nyasi ni za wote," alisema Mama Pimbi.

"Nazilinda."

"Kwa kuzila?"

"Nisipozila mimi, atazila mwizi. Tokeni, mnaniletea upepo."

Wakatoka. Walitoka kinyumenyume, mmoja mmoja, wakisema, "Shikamoo, mzee." Mama Pimbi alikuwa na hasira. Si kwa Nyati peke yake. Nyati kazaliwa na tumbo lile, hakulichagua. Aliwakasirikia wenzake. Kisha akajikasirikia mwenyewe, maana shikamoo hiyo naye aliitoa, watoto wakiwa mgongoni.

Upepo ukaanza. Vuuu.

"Jificheni vichakani karibu na mlango," aliwaambia wenzake, akawakabidhi watoto. "Akitoka, ingieni. Mzee Nungunungu, wewe uingie wa mwisho, na umpe mlango mgongo."

Akarudi ndani peke yake.

"Mzee, tumekukosea. Tumekununia mlinzi wetu. Tunataka kukupa sale."

Nyati akaacha kutafuna. Sale ni lile jani refu linalopandwa mpakani mwa boma. Anayeletewa sale hawezi kukataa kusamehe. Na tangu azaliwe, hakuna aliyewahi kumwomba Nyati msamaha. Walikuwa wakimkimbia tu.

"Lilete hapa."

"Halipokelewi kitandani, mzee. Hupokelewa mpakani, mkosewa akiwa amesimama. Au niwaambie hukujua?"

"Nani kasema sijui?"

Ti, ti, ti, wakaenda mpakani, mbali kidogo, chini ya mteremko. Mama Pimbi akachuma sale moja, akapiga magoti, akalinyoosha. Nyati akalipokea kwa mdomo. Lilikuwa bichi, lenye maji. Baada ya nyasi kavu za pangoni, ulimi wake ulifurahi. Akalimeza. Akautazama ua wa mpakani, masale yamepangana mstari mrefu.

"Kosa lenu ni kubwa," alisema. "Moja halitoshi."

Kwacha, kwacha, akala la pili. Kwacha, kwacha, akala la kumi. Mama Pimbi alikwisha kuruka jiwe hadi jiwe, fyu, fyu, hadi pangoni. Nyati aliinua kichwa pale tu ua ulipokwisha, na theluji ilikuwa imempanda mgongoni.

Ti, ti, ti. Akafika mlangoni, akaingiza pua. Akaitoa haraka.

"Nani kaweka miiba hapa?"

"Ni mgongo wangu, mzee," alisema Nungunungu. "Nimelala."

"Nifungulieni, ndugu zangu. Nimekosa."

"Ukikosa unaleta nini?" aliuliza Mama Pimbi.

Nyati akageuka, akatazama mpakani. Kisha akasema polepole, "Sale."

"Liko wapi?"

"Nimelila."

"Kalichume jingine mpakani."

"Nimeyala yote."

"Afe," alisema Mbega. Paa akasema vivyo hivyo, na sauti yake ilikuwa kubwa kuliko ile aliyotolea shikamoo. Mama Pimbi aliwasikiliza. Alitaka kukubali. Lakini upepo ulipita juu ya Nungunungu ukaingia ndani, na watoto wake walitetemeka. Naye akautazama mlango ule, ambao upana wake ulikuwa upana wa Nyati kamili.

"Geuka, mzee," alisema. "Ingia kinyumenyume. Matako ndani, kichwa nje. Nusu yako itapata joto. Na theluji ukutane nayo wewe, maana ulisema unalinda."

Funzo la ngano hii, watoto: mheshimuni kila anayelalia nyasi zenu, kwani huenda akawafaa kwa mlango. Na msamaha msiule bila chumvi.

Ngano imefika ukingoni.
Aliyeamua ni nani?
Mama Pimbi.
Na mlango?
Nyati, siku mbili, hadi jua.
Naye hakusukuma aingie?
Alisukuma mara moja. Nyuma yake alikaa Nungunungu.