Maji Yaliyoyeyusha Dhahabu

Wametupokeza wakubwa wetu, Mola awarehemu, kwamba katika mji mmoja wa Shamu aliishi mchamungu mmoja, Sheikh Mundhir bin Hatim. Kazi yake ilikuwa kutengeneza tindikali kwa kuchoma madini ya shura na shabu. Mafundi wa zama zile waliiita maji makali, wakaitumia kuyeyushia fedha, lakini dhahabu iliwashinda. Miaka thelathini Sheikh alitafuta maji ya kuyeyusha kila kitu. Siku alipoyatia chumvi maji yake makali, akaona kipande cha dhahabu kimetoweka ndani ya chupa, alisujudu akalia.

Habari zikamfikia Amiri. Kadhi akaandika hati: "Sheikh Mundhir amepata maji yayeyushayo kila kitu." Joho la heshima likashonwa, ikabaki kupigwa muhuri tu, Ijumaa baada ya sala.

Asubuhi ya Ijumaa hiyo mkewe, Bi Ghusaina, akamwuliza, "Bwana, na fedha umeijaribu?"

Sheikh akacheka. "Fedha, mke wangu? Hiyo inayeyuka hata kwa maji yetu ya siku zote!"

"Sikukuuliza hayo. Nimekuuliza kama umeijaribu."

Sheikh akavua pete yake ya fedha, akaitumbukiza katika maji yale mapya. Pete ikafanya utando mweupe, ikakaa vile vile. Wakangoja mpaka adhana. Wapi!

Baada ya sala Sheikh akasimama mbele ya watu. "Ewe Kadhi," akasema, "lifute neno 'kila'. Maji haya yameshindwa na fedha."

Amiri akakunja uso. "Fundi gani angehangaika kujaribu fedha? Nani angejua?"

"Mola wangu anajua, ewe Amiri. Na mke wangu pia anajua."

Watu wakacheka, Amiri hakucheka. Hati ikachanwa, joho likarudishwa sandukuni. Sheikh akaenda zake na kanzu yake iliyotobolewa na tindikali, na Bi Ghusaina akampokea mlangoni kwa vigelegele, hata majirani wakadhani amevikwa joho.

Ndugu zangu, hao ndio wazee wetu katika dini, nami naona fahari kubwa kuwataja. Uongo ulikuwa umeshaandikwa, umeshapambwa, hata kuusema hakuhitaji. Alitakiwa anyamaze tu. Hakunyamaza. Leo tunamwombea rehema kwa jina lake na la baba yake. Yule Amiri, Wallahi, hata jina lake silijui.