Gereza la Machicha ya Zambarau

Hapo zamani za kale, watoto, wanyama walipokuwa na nyua, vinu na meko kama sisi, Bi Pimbi alikaa na wanawe kwenye majabali juu ya mto. Wa mwisho aliitwa Kishindo. Jina kubwa, lakini mwenyewe alikuwa na miguu kama nyuzi.

Kiangazi cha mwaka ule kilikuwa kikali. Majani yalikauka, na Kishindo akadhoofika. Manyoya yalimpauka, kupanda jabali kukamshinda. Nanyi mnajua pimbi anaishi kwa kukimbia. Kivuli cha Tai kikipita, kila pimbi hujitupa ndani ya ufa wa mwamba, fyuu! Kishindo hakuweza. Mama yake alimbeba mgongoni kila alikokwenda, macho juu, roho mkononi.

Chakula kilichobaki kilikuwa zambarau tu, na mzambarau ulikuwa mmoja, uani kwa Bwana Nyati. Nyati na rafiki yake Mzee Kiboko walisema ni wao. Nani angebisha? Basi nyani walichuma, Ngiri akatwanga, na Bi Pimbi, kwa vile ana mikono midogo, akakamua.

Walizikamua kama nazi. Zilitwangwa kinuni, twa! twa! twa!, kokwa zikatolewa, kisha zikatiwa ndani ya kifumbu, kile kimfuko cha ukili cha kuchujia tui. Bi Pimbi akaminya, maji yakachuruzika mtungini. Maji waliyanywa wakubwa. Machicha yalitupwa mtoni.

"Na asiyaguse yeyote!" Nyati alikuwa ameamuru. "Mkamuaji akila machicha, ataacha maji ndani makusudi."

Bi Pimbi aliyatazama machicha yale kila siku. Nazi ikikamuliwa sawasawa, utamu wote huhamia kwenye tui, machicha huachiwa kuku. Lakini haya yalikuwa bado yamekoza zambarau. Rangi haikwenda yote mtungini. Na bibi yake mzaa mama alimwambia zamani kwamba rangi ya tunda ni mlinzi wa mwili.

Asubuhi moja alimtua Kishindo chini, akapiga ukelele.

"Bwana Nyati! Wezi! Wezi uani kwako!"

Nyati aliruka, vumbi puu! "Wako wapi?"

"Hawa hapa." Bi Pimbi akanyoosha mkono uliojaa machicha.

Mzee Kiboko alicheka, hoo, hoo, hoo. "Jua limempiga huyu. Mpeni maji."

"Cheka, mzee wangu, lakini niambie. Rangi ya zambarau hizi ni ya nani?"

"Yangu!" alisema Nyati.

"Iko wapi?"

"Mtungini."

"Na hii je?"

Nyati aliinama, akakodoa macho. "Ala! Imefikaje huku?"

"Nyuzi hizi zimeikumbatia, Bwana. Tunakamua, zenyewe zinang'ang'ania. Wizi wa mchana kweupe!"

"Zikamuliwe tena!" aliunguruma Kiboko. "Ziitapike!"

Wakatia maji, wakakamua kama tui la pili. Yakatoka maji ya waridi. Wakakamua tena, yakatoka maji hafifu. Ngiri akakalia kifumbu kwa uzito wake wote, kwiii! Wapi! Machicha yalikuwa bado yamekoza.

"Hawakiri," Bi Pimbi alisema, akitikisa kichwa. "Wezi sugu hawa."

"Basi mtoni kama kawaida," alisema Kiboko.

Moyo wa Bi Pimbi ulishtuka, lakini uso haukubadilika. "Mtoni, mzee? Mwizi aachiwe aende na mali yake? Maji yatawafikisha kwa Mamba kule chini. Kesho mtamsikia akijisifu kwamba amekula rangi ya Nyati."

Nyati alipiga kwato chini. "Mamba? Thubutu! Wafungwe! Kuna gereza hapa?"

Bi Pimbi alijipiga tumboni, pu, pu. "Hili hapa, Bwana. Halina dirisha. Na wanangu wana magereza yao madogo madogo."

Nyani wakaanguka kwa kicheko.

"Mwache ale nyuzi za mkeka!" alisema Kiboko, machozi yakimtoka. "Sisi tutabaki na maji yetu safi."

"Chukua," alisema Nyati. "Lakini ole wako watoroke!"

"Watakaa ndani muda mrefu kuliko maji uliyokunywa leo, Bwana wangu."

Tangu siku ile Bi Pimbi aliondoka jioni na Kishindo mgongoni na kapu la machicha kichwani. Nyani hawakumwacha apite salama.

"Shikamoo, Bi Mkuu wa Gereza!"

"Marahaba. Mlango uko wazi, mkichoka huko nje."

Nyumbani watoto walikunja nyuso. "Mama, yanakwaruza!"

"Tafuna, baba. Tafuna polepole."

Msimu ukasonga. Siku moja, mchana, jabali lilitetemeka. Nyati alikuwa amekuja, na nyuma yake Kiboko, akitembea ameshika tumbo. Guru, guru, guru, lilisema tumbo.

"Pimbi!" Nyati alinguruma. "Nakunywa mtungi mzima asubuhi, ikifika mchana najiona mtupu. Nasikia huku wanao wanang'aa manyoya. Umewafanya nini wafungwa wangu?"

"Wako ndani, Bwana."

"Fungua gereza niwaone!"

"Halifunguki hivyo, Bwana wangu."

"Basi nitalifungua kwa pembe!" Akainamisha kichwa.

Bi Pimbi alirudi nyuma hatua moja. Wakati huohuo kivuli kilipita juu ya mwamba. Akapeleka mkono mgongoni, mgongo ulikuwa mtupu! Kishindo alikuwa ameshuka bila yeye kujua, anacheza peke yake chini kabisa, peupe.

"Kishindo!"

Tai alishuka, vuuuu! Mama alikuwa mbali mno. Lakini kitu kidogo kiliruka, tik, tik, tik, kikapanda jabali, fyuu! Kikapotea ndani ya ufa. Kucha za Tai zilikwaruza jiwe, kwaruu! Akapaa mikono mitupu, akilaani.

Kisha sauti nyembamba ikatoka mwambani.

"Mama, mbona wewe bado uko nje?"

Bi Pimbi aliketi palepale. Alicheka, alilia, akacheka tena. Hata Nyati, naye ana ndama wake, alishusha pumzi ndefu.

"Yule ndiye uliyekuwa ukimbeba?"

"Ndiye, Bwana."

"Ulimpa nini?"

"Wezi wako."

Nyati alitaka kukasirika, akakuta hasira imeshapita. "Hebu eleza."

"Maji mliyokunywa yaliingia mwilini upesi, na upesi yakatoka. Njia ya kichakani mnaijua wenyewe. Rangi iliyoshikwa na nyuzi haiingii upesi. Kwenye utumbo mwembamba nyingi hupita bila kuchukuliwa, maana bado imefungwa. Sikufichi, nyingine hupotea kabisa. Lakini nyingine hushuka hadi utumbo mpana. Huko nina wapangaji, vidudu vidogo mno, huwezi kuviona. Chakula chao ni hizo nyuzi. Wakizila polepole, ngumi ya nyuzi hufunguka, rangi ikatoka, ndipo mwili ukachukua fungu lake."

"Kumbe tuna wapangaji tumboni?" aliuliza Kiboko kwa hofu.

"Sote, mzee wangu. Wako wewe wana njaa tangu msimu uanze. Wasikie wanavyogombana."

Guru, guru, guru.

"Kwa hiyo ulinidanganya," alisema Nyati.

"Neno gani lilikuwa la uongo, Bwana? Nilisema zimeshika rangi. Zimeshika. Nilisema nitazifunga tumboni. Nilizifunga. Kicheko kilikuwa chenu."

Nyati alimtazama Kiboko. Kiboko alitazama chini, kisha akanong'ona, "Muulize kama amebaki hata mfungwa mmoja."

Bi Pimbi akaleta kapu. Wale wakubwa wawili wakaketi juani, wakatafuna machicha kimyakimya, midomo ikigeuka zambarau, na Kishindo akatoka mwambani kuwafundisha.

"Polepole," aliwaambia. "Yanakwaruza mwanzo tu."

Basi, watoto, kabla hamjatupa kilichobaki, tazameni kwanza kimeshika nini.