Mpanda Mlima Hapunjwi

"Mpanda mlima hapunjwi," alisema Bi Mwanjaa huku akimwongezea Salehe upawa wa pili wa makande, na papo hapo minong'ono ikaanza. Ilikuwa siku ya msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji. Kitongoji kizima kilitoka kujenga zahanati juu ya kilima. Vijana wengine walibaki chini wakiponda kokoto, wengine, Salehe akiwa mmoja wao, walizibeba kokoto hizo begani mpaka juu. Waponda kokoto walitazama sahani zao, wakatazama ya Salehe, wakaona wameonewa.

"Kumbe leo bibi una mjukuu mmoja tu?" aliuliza Mwanamvua, mponda kokoto ambaye ulimi wake haukuwa na likizo.

"Ninao wengi, na wote walafi. Keti, ule kilicho chako. Methali hii sikuitunga mimi ili nikunyime makande. Ilizaliwa Mombo, kwenye gereji, na chanzo chake ni hiki."

Mombo, pale barabara inapoacha tambarare na kuanza kupanda kwenda Soni, alikuwapo fundi wa magari aitwaye Zayumba. Alikuwa mtu wa watu, mcheshi, mwenye sikio la kusikia ugonjwa wa injini kabla mwenye gari hajausema. Kasoro yake ilikuwa moja: mkono wake ulikuwa wa birika. Miaka ile petroli ilikuwa adimu, naye alijijengea jina kwamba gari likitoka kwake hunywa kidogo. Siri yake ilikuwa uzi mwembamba wa waya wa shaba. Alifungua kabureta, akauchomeka uzi huo katika kitundu kinachopitisha petroli, kitundu kikabanwa, na gari likafunga saumu.

Akishamaliza, aliiwasha injini pale pale uwanjani, ikinguruma taratibu, kisha akaweka glasi ya maji juu ya boneti. Maji yakitulia bila kutikisika, kazi imekwisha. Watu waliacha shughuli zao kuja kuitazama glasi ile, na Zayumba, Mungu amsamehe, alipenda sana kutazamwa.

Mtoto wake alikuwa mmoja tu, binti, naye Zayumba alimpa jina la mama yake mwenyewe, Zaina. Kwa hiyo hakumwita Zaina. Alimwita "mama yangu". Alimfundisha kuendesha gari tangu miguu yake haijafika chini, na alipokua akamkabidhi pikapu ya nyumbani, apandishe chumvi, sukari na saruji kwenda Soni. Zaina hakuwa na shamba wala duka. Alichokuwa nacho ni usukani ule, na neno la baba yake kwamba anaujua.

Siku za safari, mama yake, Bi Saumu, alimjazia sahani mpaka ikafurika. Zayumba hakuacha kutania.

"Saumu, huyu anakwenda Soni au anahama?"

"Anapanda mlima," mkewe alimjibu. "Wewe unayeshinda kivulini, kula hicho hicho."

Basi, baada ya Zayumba kuichomekea pikapu nayo uzi ule, ilianza kuchemka njiani. Mara ya kwanza Zaina aliijaza maji akaendelea na safari. Ilipochemka tena, alimwendea baba yake mbele ya mafundi wenzake na wateja.

"Baba, gari linakosa nguvu mlimani. Linagonga ndani, halafu linachemka."

Zayumba hakubisha. Alileta glasi, akaiweka juu ya boneti, akawasha. Maji yakatulia tuli.

"Gari zima hili," alisema. "Mgonjwa ni mguu wako, mama yangu. Unakanyaga mafuta kama unaua nyoka."

Watu wakacheka. Zaina hakucheka. Na baba yake, kwa kuwa kicheko kilimnogea, akaongeza kwamba likichemka mara nyingine, ufunguo atampa dereva mwingine. Binti aliinama akaingia ndani, na sahani ya jioni ile hakuigusa.

Bi Saumu aliiona sahani. Hakupiga kelele, maana hakuwa mtu wa kelele. Alimwambia mumewe, "Kesho panda naye. Mguu wa mtu aliye mlimani hauonekani kutoka Mombo."

Zayumba akapanda naye, saruji imejaa nyuma. Tambarare yote pikapu ilikwenda vizuri, naye akamtazama binti yake kwa jicho la nilikwambia. Ukaja mlima. Zaina akaongeza mafuta, gari likazidi kunung'unika. Akaongeza tena. Ndani ya injini kukaanza kugonga, ko ko ko, kama mtu aliyefungiwa stoo.

"Punguza mguu!" alisema Zayumba.

"Nikipunguza linarudi nyuma, baba. Tazama mguu wangu."

Akautazama. Ulikuwa umefika chini kabisa, na ulikuwa umetulia. Haukuruka, haukupapatika. Ulikanyaga vile vile alivyoufundisha yeye mwenyewe. Joto likamjia usoni kutoka kwenye injini, na aibu ikamjia kutoka anakokujua.

"Zima hapo hapo," alisema kwa sauti ndogo.

Wakaweka jiwe nyuma ya gurudumu. Zayumba alifungua plagi moja ya injini, ile inayotoa cheche, akaishika kwa kitambaa. Ncha yake ilikuwa nyeupe kama chokaa. Hakuna fundi asiyejua maana yake: injini imepewa hewa tele na petroli kiduchu, inajiunguza yenyewe. Wangekwenda kona chache zaidi, pistoni ingetoboka.

Ndipo akaelewa alichokuwa akikifanya. Gari likisimama uwanjani halina haja ya kile kitundu alichokibana. Hunywa kidogo, kupitia njia nyingine. Kitundu kile hufanya kazi mguu ukifika chini na mzigo ukiwa mgongoni. Glasi yake ilikuwa ikipima gari lililokaa.

"Mama yangu," alisema. "Mguu wako hauna kosa. Nilikupa gari lenye njaa, halafu nikakucheka mbele za watu kwa kuwa limechoka."

Zaina alitaka kusema si kitu, akashindwa, kwa sababu kilikuwa kitu. Akampokonya bisibisi. "Lete, baba, kabureta nifungue mimi."

Wakautoa uzi wa shaba. Injini ilipopoa wakaijaza maji, wakawasha, na Zaina akakanyaga mpaka mwisho. Pikapu ikapanda na saruji yake yote bila kugonga. Juu, karibu na Soni, wakazima tena wakatazama plagi: rangi ya karanga iliyokaangwa, dalili ya injini iliyoshiba. Zayumba akacheka peke yake kama mwehu.

Kesho yake watu walikusanyika uwanjani kusikia mguu ulihukumiwaje. Zayumba akaitwaa ile glasi, akayanywa maji yake mbele yao. Ule uzi wa shaba alikuwa ameuzungusha kwenye pete ya ufunguo. Akamkabidhi Zaina ufunguo kwa mikono miwili, kama mtu anayempa mkubwa wake.

"Mkosaji nilikuwa mimi," alisema, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani.

Bi Saumu alisimama mlangoni na sahani ya Zaina, imefurika kama kawaida. "Sasa umejua kwa nini namjazia?"

"Nimejua, mke wangu. Mpanda mlima hapunjwi."

Mafundi wakalidaka neno, na kutoka Mombo likapanda milima yote hii, mpaka leo huambiwa kila mwenye mzigo.

Bi Mwanjaa alikoroga sufuria. Mwanamvua alimaliza makande yake, akasimama. Hakulirudia jiwe lake la kupondea. Aliinua karai la kokoto, akalitua begani, akaanza kuelekea kilimani.

"Unakwenda wapi wewe?"

"Juu. Andaa upawa, bibi."

Bi Mwanjaa alicheka mpaka akaufuta uso kwa kanga. "Nenda, mjukuu wangu. Ukirudi utaukuta. Mpanda mlima hapunjwi."